Pumzi ya Mlinzi wa Lango

Treni ya saa saba mchana ilikuwa imebakiza dakika nne, na stesheni nzima ilikuwa mbioni. Watu walikimbia na masanduku, walikimbia na watoto mgongoni, na wengine walikimbia tu kwa sababu wenzao wanakimbia. Mtu mmoja alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, uso ameuinua kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo. Alivaa jinzi iliyochujuka magotini na shati la rangi ya majivu, shingoni amening'iniza vifaa vya kusikilizia, na mkononi alishika kinasa sauti kidogo chenye taa nyekundu.

"Abiria wa treni ya saa saba," kipaza sauti kilisema, "treni yenu inaondokea jukwaa namba mbili. Nasema mbili. Wewe mwenye sanduku la bluu unakwenda nne, geuka."

Mwenye sanduku la bluu aligeuka. Yule wa kinasa sauti aliufuata waya wa kipaza kwa macho, ukapita juu ya duka la magazeti, ukapita juu ya choo, ukaingia kwenye kibanda cha vioo ghorofa ya kwanza. Akapanda ngazi. Treni iliyokuwa ikiondoka ilikuwa yake, na tikiti ilikuwa mfukoni.

Ndani ya kibanda alikuta mwanamke wa miaka ishirini na kitu, blauzi ya kazi ya bluu iliyopigwa pasi vizuri, nywele amesuka mistari ikarudi nyuma, na shingoni kitambaa cha njano alichokifunga ingawa joto lilikuwa la kutosha kuwavua watu mashati.

"Dada, samahani. Ile sauti ni yako?"

"Hapana, ni ya mjomba wangu. Mimi namshikia tu kipaza."

Mgeni alicheka, kisha akaona aibu kwa kuwa bado alikuwa anarekodi. Akaizima taa nyekundu.

"Mimi ni fundi wa sauti. Tunatengeneza gemu. Nilikuja kurekodi masanduku yanavyoanguka, tunataka mlio wa nyundo. Sasa nimekusikia wewe."

"Na masanduku?"

"Yataanguka na kesho."

Mwanamke alimtazama toka viatu hadi nywele. Wachukuzi wa pale stesheni walikuwa wamempachika mwanamke huyu jina la Kinanda, na wanaume waliopanda zile ngazi kumsifia sauti walikuwa hawana idadi. Wote walisema ni tamu. Huyu akasema jambo jingine.

"Unajua kwamba kabla ya jina la kila kituo unavuta pumzi kidogo? Ndogo sana. Utadhani mtu anayetumbukiza mguu kwenye maji ya baridi."

Kinanda hakuwa anajua. Alitaka kujibu, akashikwa na kikohozi kikavu, akageukia ukutani mpaka kikapita.

"Vumbi la treni," alisema. "Na wewe una masikio gani hayo?"

Ndivyo alivyopata jina. Kuanzia siku hiyo alikuwa Masikio, na kwa wiki mbili za kwanza alipanda ngazi zile kila mchana akiwa na sababu mpya, mara amesahau kalamu, mara anaulizia treni ambayo hakuna. Wiki ya tatu aliacha kutafuta sababu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wachukuzi walisema kila walipomwona akipanda, na Kinanda alikuwa akicheka na kukohoa kwa pamoja. Hakuna aliyejali kikohozi chenyewe.

* * *

Studio ilikuwa chini ya ardhi. Jengo lilikuwa na maduka ya vitambaa juu, maduka ya simu katikati, na chini kabisa, ukishuka ngazi thelathini na moja, kulikuwa na mlango wa chuma na vyumba vitatu visivyo na dirisha. Simu hazikushika mtandao humo isipokuwa karibu na mlango. Watu saba walifanya kazi mle chini ya mwanamke mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa, ambaye walimwita Bosi mbele yake na nyuma yake, kwa kuwa jina jingine halikumfaa.

Gemu yao ilitokana na kisa cha kale ambacho Bosi alisimuliwa na bibi yake. Mhunzi alishuka kuzimu kuutafuta moto, baada ya moto wa dunia kuzimika. Mkewe alimsindikiza hadi langoni akasema, nitakungoja hapa. Alingoja mpaka mvua ikamwotesha ukungu mwilini, mpaka akawa sehemu ya lango, mpaka akasahau anamngoja nani. Mhunzi aliporudi na moto wake, uso umeungua, mke hakumjua. Akamzuia kama alivyomzuia kila aliyepita.

Siku Masikio alipompeleka Kinanda studio kwa mara ya kwanza, walimkalisha mbele ya skrini na kumpa rimoti ya kuchezea. Hakuwahi kushika kitu kama hicho. Alikufa mara kumi na moja mikononi mwa fisi wa kwanza, na watu saba walikuwa wamesimama nyuma yake wakibana kicheko.

"Nichekeni tu, msije mkapasuka," alisema. Alipokufa mara ya kumi na mbili aliweka rimoti chini. "Huyu fisi wenu hanitishi."

"Amekuua mara kumi na mbili," Masikio alisema.

"Ameniua, hajanitisha. Ananguruma kabla hajaonekana, basi najua anakuja. Mama yangu akikasirika alikuwa ananguruma? Alikuwa ananyamaza. Tukisikia jikoni hakuna sufuria inayogongana, tunatafuta mlango."

Bosi alisogeza kiti karibu. "Endelea."

"Na nikifa sijui kosa langu. Kama nimekosea, nionyeshe nilipokosea, nitarudi. Ukiniua bure nitazima." Alifikiri. "Halafu huyu mke wa langoni. Mmempa meno. Ya nini? Mtu aliyengoja mpaka akasahau jina la mumewe anahitaji meno?"

Msanii wa kuchora, aliyeyachora meno yale kwa wiki sita, alijikuna shingo.

"Mimi huwaambia hawa kila siku," Bosi alisema. "Kisa cha kale si rangi ya kupaka juu. Kikiwa rangi, utapata fisi, utapata moto, utapata majina mazuri, na mchezaji atasahau kesho. Kisa kiwe mfupa. Kila pigo la nyundo limsogeze mhunzi karibu na mkewe, na amwogope kwa sababu anampenda." Alimgeukia Masikio. "Nani atakuwa sauti yake?"

Masikio alimtazama Kinanda, na Kinanda akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Walipokuwa wakipanda ngazi kurudi kwenye mwanga, Kinanda alimshika mkono.

"Nakuuliza, Masikio. Usinifiche. Siku ile ulipopanda kibandani ulifuata nini?"

"Sauti yako."

"Ningekuwa bubu?"

"Ningekuwa kwenye treni."

Alisema kwa utani, na yeye akacheka. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Kinanda alipofika nyumbani, katika vyumba viwili alivyoishi na dada yake mshonaji, alikivua kile kitambaa cha njano na kujitazama kooni kwenye kioo kwa muda mrefu.

* * *

Kikohozi kiliendelea. Mwezi wa nne wa mapenzi yao sauti ilianza kukwaruza mwishoni mwa sentensi, na msimamizi wa stesheni akamuuliza kama ana mafua. Mwezi wa tano alisema "jukwaa namba" na ile "mbili" haikutoka kabisa. Abiria walibaki wameinua nyuso wakisubiri. Siku hiyo ndipo dada mtu alipomshika mkono akampeleka kwa daktari wa koo.

Mwezi huohuo Masikio alizama. Maonyesho makubwa ya gemu yalikuwa yamekaribia, na gemu yao ilitakiwa ikae mbele ya watu ikiwa na lango na mlinzi wake. Alishuka ngazi thelathini na moja asubuhi na kutoka jioni, macho mekundu, akizungumza habari za mwangwi. Simu zao zilifupika.

"Umekula?"

"Nitakula, kipenzi."

"Hiyo nitakula ulinipa na jana. Kesho dada anapika, anakungoja. Nina jambo la kukwambia."

"Nitakuja. Wallahi nitakuja."

Hakuja. Dada mtu alifunika sahani yake, akaifunua, akaifunika tena, mwisho akaila mwenyewe kwa hasira. "Mwanaume huyu yuko kuzimu," alisema. "Na wewe usije ukaota ukungu mlangoni."

Kesho yake mchana, saa nane na dakika chache, Kinanda alitoka kwa daktari akakaa kwenye benchi la simenti nje ya hospitali. Alipiga simu mara tatu, haikupatikana. Basi akabonyeza kitufe cha kurekodi ujumbe. Kabla ya neno la kwanza alivuta pumzi, na pumzi ikakatika katikati, ikawa kitu kati ya kilio na mtu anayezama, sekunde nne nzima. Kisha akajikaza akasema yote. Uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Upasuaji Jumatatu. Daktari hawezi kumwahidi kwamba sauti itarudi, na hawezi kumwahidi kwamba uvimbe ni wa kawaida. Halafu akasema lile lililomkaa tumboni tangu siku ya ngazi: ulifuata sauti, sasa ikiondoka, utabaki na nani? Ujumbe ulikuwa wa dakika tatu na sekunde kumi na moja.

Ulimfikia Masikio saa tisa, aliposogea karibu na mlango wa chuma kunywa maji. Simu yake ilikuwa imeunganishwa na spika za mezani. Akabonyeza.

Ile pumzi ilijaza chumba.

Sasa ni lazima tuseme kosa lake lilivyokuwa, kwa sababu mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Mafundi wa gemu wana kitu wanachokiita sauti ya muda. Mwigizaji hajafika, kazi haiwezi kusimama, basi unachukua sauti yoyote unayoiweka pale leo, kesho unaitoa na kuweka ya kweli. Mlinzi wa lango alikuwa hana pumzi. Kwa wiki tatu Masikio alikuwa amejaribu upepo, mvumo wa bahari, ng'ombe, breki za lori, na vyote vilikuwa vya uongo. Alipoisikia ile pumzi nywele za mikono zilimsimama. Alisimamisha ujumbe kwenye sekunde ya nne, akakata kipande, akakiweka mdomoni mwa mlinzi. Watu sita waligeuka kutoka kwenye skrini zao. Bosi alivua miwani.

"Umeitoa wapi?"

"Ni ya muda tu," alisema.

Na maneno? Maneno alidhani anayajua. Alikosa kwenda kula, mpenzi analia, atasema wewe hunijali, atasema dada amekasirika. Alijiambia atausikiliza wote akitulia. Akaandika haraka: *Nimekusikia mpenzi. Tupite maonyesho kwanza, tutaongea.*

Kinanda alikuwa bado kwenye lile benchi. Alisoma mara mbili. Akampa simu dada yake, aliyekuwa amekuja kumchukua.

Sikio la kufa halisikii dawa. Hili halikuwa linakufa, lilikuwa na shughuli tu, na matokeo yake ni yaleyale.

* * *

Maonyesho yalifanyika Jumamosi, kwenye ukumbi mkubwa wenye taa za zambarau na kelele za mashine mia moja. Masikio alivaa shati jeupe jipya na koti la kuazima. Mfukoni mwa koti kulikuwa na pete, kwa sababu mpango wake ulikuwa mzuri mno kichwani: gemu ikishangiliwa, atampigia Kinanda simu palepale, amwambie njoo, na akija amwulize mbele ya watu. Sauti ya muda ilikuwa ingali mdomoni mwa mlinzi. Ilikuwa itolewe Jumatano, ikasogezwa Ijumaa, na Ijumaa kila mtu aliyeisikia alisema usiiguse.

Kinanda alikuja bila kuitwa. Dada yake alikuwa amemshauri abaki nyumbani. Yeye akasema, nataka kusikia kazi yake wakati ningali nina cha kumjibu. Alivaa gauni la kijani lililoshonwa na dada, na kile kitambaa cha njano. Alipanga foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akakaa, akavaa vifaa vya masikioni, akashika rimoti.

Gemu ilikuwa imebadilika. Fisi hawakunguruma tena, walinyamaza, na ukimya wao ulimfanya ageuke nyuma mara mbili kwenye kiti. Nyundo iliposhuka alisikia ndani yake uzito wa masanduku ya stesheni yake. Alipokufa alijua alipokosea. Moyo ulimlainika pasipo yeye kupenda, akawaza, huyu mtu alinisikiliza. Alipanda kutoka kuzimu akiwa na moto mkononi, akalifikia lango. Mlinzi hakuwa na meno. Alikuwa mwanamke aliyekaa chini, kichwa kwenye magoti, ukungu mabegani. Aliinua uso na kuvuta pumzi.

Kinanda aliijua kabla haijaisha. Mtu hukosea sauti yake akiisikia, lakini siku yake haikosei. Aliliona benchi la simenti, akaiona bahasha ya daktari juu ya mapaja. Nyuma yake watu wa foleni, waliokuwa wakisikia kupitia spika za nje, waliguna kwa pamoja na mmoja akasema, "Aisee, hiyo inatisha."

Mhunzi wake alisimama akapigwa akafa. Akaweka rimoti mezani taratibu.

Masikio alimwona akiwa amesimama tayari. Alimjia mbio akitabasamu, mkono mfukoni.

"Umekuja. Mbona hukuniambia? Umeliona lango?"

"Ulinijibu kwamba umenisikia." Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ndogo, na Masikio akasogeza sikio. "Ulisikia wote?"

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo bila mwenyewe. "Nilisikia mwanzo."

"Mwanzo."

"Nilidhani ni habari za chakula. Nilikuwa na siku chache tu, nikasema nitausikiliza..."

"Umeukata mwanzo, ukampa mlinzi wako, ukawapigia watu."

"Kinanda, ni ya muda tu. Tutaitoa."

"Hiyo sauti sasa ni ya muda kweli," alisema. "Ukipata nafasi, sikiliza mwisho."

Alikifungua kile kitambaa shingoni kwa sababu alikuwa anashindwa kupumua, akaondoka nacho mkononi akipenya kwenye watu. Masikio aliingia kwenye stoo ya ukumbi, katikati ya maboksi, akabandika simu sikioni. Kwa dakika tatu na sekunde kumi na moja hakuna aliyejua alipo. Bosi alipomkuta alikuwa amekaa sakafuni na koti lake la kuazima, na simu ilikuwa imeshanyamaza zamani.

* * *

Masikio alipiga mara arobaini, simu ya Kinanda ilikuwa imezimwa. Jumapili alikwenda nyumbani kwa Kinanda, dada mtu akamfungulia mlango kwa upana wa kiganja, akaiona pete aliyoishika mkononi.

"Shikamoo dada."

"Salamu zako ziweke. Amelala."

"Nimeusikiliza."

"Leo?" Dada mtu alimtazama kwa muda. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. "Shemeji, nilikuwa nakupenda. Lakini mwenzako kesho anakwenda kukatwa koo, na alipokuita ulichukua kilio ukaacha mtu. Hataki kukuona. Nenda."

Jumatatu matangazo ya stesheni yalisomwa na mwanaume. Alitamka majina ya vituo vyote sawasawa, bila pumzi popote. Masikio alisimama chini ya ile nguzo mpaka treni tatu zikaondoka, kisha akaenda hospitali akakaa kwenye korido, mahali ambapo dada mtu angemwona akipita. Alipita, hakumfukuza, hakumsalimu. Saa kumi alisimama mbele yake.

"Umetoka salama. Wiki tatu asiseme hata neno moja. Baadaye ndipo watajua kama kuna sauti. Kile walichokitoa wamekipeleka maabara." "Usikae hapa. Ukimwona atataka kukutukana, na hatakiwi kuongea."

Alirudi chini ya ardhi kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Faili la ile pumzi alilifuta yeye mwenyewe, kila nakala, kwenye kila kompyuta, mbele ya watu wote. Bosi hakumzuia.

"Sasa mlinzi hana pumzi tena," Bosi alisema.

"Nataka kubadili mwisho."

"Mwisho uko sawa. Mchezaji anapiga, mke anaanguka, anamkumbuka mumewe anapokufa. Watu wamelia."

"Wamelia kwa sababu ya kitu nilichoiba. Bosi, nisikilize. Kwa saa ishirini tunamfundisha mtu kupiga. Kila mlango umefunguka kwa kupiga. Hapa tumwache afanye asilolijua. Akiinua nyundo, anakufa, hata awe hodari namna gani. Akiiweka chini, mlinzi anakuja karibu, anaanza kupumua. Na mchezaji akigusa kitufe chochote, hata kimoja, inaanza upya."

"Asubiri kwa muda gani?"

"Dakika tatu na sekunde kumi na moja."

Bosi alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Watasema gemu imekwama."

"Waseme."

"Wengine watazima kwenye dakika ya pili."

"Mimi nilizima kwenye sekunde ya nne."

Bosi aliivaa miwani. Kisa cha bibi yake kilikuwa na mwisho mmoja tu, na siku zote ulimkera bila kujua ni kwa nini. "Na pumzi utaitoa wapi?" aliuliza. Masikio alikwenda kwenye chumba cha kurekodia akafunga mlango.

Wiki ya tatu ilipokuwa ikiisha alimletea dada mtu mashine ya kuchezea gemu, pale kwenye kibaraza alikoshonea. Hakuomba kuingia. "Si zawadi," alisema. "Mwambie tu ni ile aliyosema haitishi."

* * *

Kinanda aliiacha mashine siku mbili juu ya kabati. Siku ya tatu asubuhi, dada yake akiwa sokoni, aliiwasha. Hakuwa na mtu wa kuongea naye na hakuruhusiwa kuongea, na ukimya ulikuwa umemkaa kifuani kama sanduku la mtu asiyerudi kulichukua. Alipofika langoni alimpiga mlinzi kwa nguvu zake zote. Akafa. Akampiga tena, kwa ajili ya benchi. Akafa. Akampiga kwa ajili ya wale walioguna kwenye foleni. Alipokufa mara ya tisa aliirusha rimoti kitandani na kukaa akihema.

Kwenye skrini nyundo ilishuka yenyewe ikagusa mchanga. Mlinzi alisimama, akaja karibu, ukungu ukimdondoka. Akavuta pumzi.

Haikuwa yake. Ilikuwa pumzi ya mwanaume iliyokatika katikati, na aliitambua, kwa sababu miezi mitano aliisikia pembeni yake, Masikio alipokuwa akisinzia kwenye benchi la stesheni. Alitaka kunyoosha mkono aongeze sauti, akaogopa kugusa kitufe. Akakaa. Pumzi ilikwenda, ikatulia, ikakatika tena, hakuna neno hata moja, na nje watu walipita wakiuza vitu vyao. Dakika tatu na sekunde kumi na moja. Kisha lango likafunguka, na nyuma yake palikuwa na asubuhi ya kawaida tu, na ua, na jiko lisilo na moto.

Alikwenda kwenye kioo. Daktari alikuwa amesema siku ya ishirini na moja aanze kusema tena, taratibu, kwa neno moja kwanza. Ilikuwa siku hiyo. Alisema "mbili." Kilichotoka kilimfanya azibe mdomo kwa mikono yote.

Masikio alikuwa kwenye ngazi ya kumi, akishuka, simu ilipoita. Namba hakuijua, ilikuwa ya duka la jirani.

"Haloo?"

Ikajibu sauti. Ilikuwa nzito na ya kukwaruza, sauti ya mtu mzima aliyevuta moshi maisha yake yote. "Namtafuta fundi."

"Fundi yupi? Nani mwenzangu?"

"Fundi anayesikiliza."

Alisimama. Kwa kitambo hakujua ni nani, na ni lazima isemwe, hakujua kabisa. Alitaka kusema umekosea namba. Kidole kilikuwa karibu na kitufe cha kukata.

"Endelea," alisema badala yake. "Sema lolote."

"Nimefungua lango," ile sauti ilisema. "Nimekufa mara tisa. Nilijua makosa yangu yote tisa. Halafu nikaona..." Na kabla ya neno lililofuata ilivuta pumzi kidogo, ndogo sana, ya mtu anayetumbukiza mguu kwenye maji ya baridi.

Masikio alikaa kwenye ngazi. Watu wa duka la simu walimpita.

"Kinanda."

"Umenijua lini?"

Uongo ulimjia haraka, mtamu, tayari kabisa. Akauacha upite. "Sasa hivi. Mwanzo sikukujua."

"Ungesema umenijua toka haloo ningekata simu," alisema. "Nimejisikia mwenyewe kwenye kioo, sikujijua." Akakohoa, akapumzika, akaanza upya. "Daktari alinionya inaweza kuwa hivihivi siku zote. Stesheni wameshapata mtu. Na majibu ya maabara ni Alhamisi, saa nne. Yanaweza kuwa mabaya, Masikio. Dada aliniambia una pete. Mimi sitaki kuulizwa mbele ya watu, na sitaki kuulizwa na mtu anayenihurumia. Sauti hii ndiyo itakayokuamsha, hii ndiyo itakayokugombeza sahani zikibaki chafu, na pengine haitadumu. Ukiitaka uitake leo, kabla ya Alhamisi. Usingoje kujua."

Aliposema hivyo Kinanda alichoka. Alisikia magari upande wa pili, na hatua za watu kwenye ngazi, na hakusikia jibu. Alingoja.

"Masikio? Mbona husemi?"

"Nilikuwa nangoja umalize," alisema.